Pini ya Mama Spana

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kupeleka damu kwenye vituo vya afya, Mama Spana anastaafu. Katika kitengo chetu hakuna mwingine aliyeripoti kazini siku ya kwanza na pikipiki yake mwenyewe, ya mtumba, taa ya mbele ikishikiliwa na waya wa kuanikia nguo.

Gereji ya hospitali ilihudumia magari ya wagonjwa tu, kwa hiyo pikipiki ilitibiwa nyumbani, kwenye kibaraza cha jikoni. Mumewe, fundi cherehani, alitoa vitambaa vya kufutia oili na kulalamikia beseni la kufulia, ambalo halikuisha vipande vya kabureta. Wifi zake walisema kaka yao ameoa gereji. Mama Spana alicheka nao huku akikaza cheni.

Sifa zake zikatufikia, tukaanza kumpelekea pikipiki zetu. Mkuu wa kitengo alimletea pikipiki iliyokuwa ikigongagonga kwa ndani, akiwa na hakika kwamba injini imekufa. Mama Spana alifungua kava la pembeni, akatoa kufuli la geti ambalo bosi alikuwa amelitafuta mwezi mzima.

Nilipomwambia kwamba nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu, alikubali kwa sharti moja. "Kama siku ile haimo," alisema, "msinisomee."

Basi imo. Miaka kumi na sita iliyopita, wakati wa mvua, maji yalikuwa yakipenya kwenye tangi la petroli. Jumapili moja alikata kipande cha mpira, akakibandika kwa gundi juu ya mfuniko, akaridhika na kazi yake. Jumanne asubuhi tulimkabidhi boksi la damu kwa ajili ya mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Pikipiki ilikwenda vizuri, kisha ikazimika katikati ya njia. Alifungua plagi, ikatoa cheche. Alitikisa tangi, akasikia petroli ikicheza ndani, kwa hiyo hakuona sababu ya kugusa mfuniko. Baada ya kupumzishwa ikawaka, ikaenda kidogo, ikazimika tena. Alifika akiwa amechelewa saa moja na nusu, na mama yule alikuwa ameshafariki.

Daktari wa zamu aliandika kwamba hakuna awezaye kusema kama damu ingemwokoa. Ningependa kuandika kwamba hakuna aliyemlaumu Mama Spana, lakini siku mbili za mwanzo tulikuwepo tuliomlaumu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Jioni ya Jumanne ile Mama Spana alishusha kabureta yote asione kasoro. Mumewe, kwa kutaka tu kujua kama petroli ipo, alifungua mfuniko, na tangi likavuta hewa kwa kishindo. "Lilikuwa limekabwa, mama," akamwambia. Kile kipande cha mpira kilikuwa kimeziba kitundu kinachoingiza hewa ndani ya tangi, na bila hewa petroli haishuki. Kesho yake Mama Spana alileta ripoti ya mstari mmoja: "Pikipiki haikuharibika, mimi ndiye niliyeziba." Angeweza kuandika kwamba ni ubovu wa chombo, na hakuna ambaye angejua.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya safari, alichukua pini ya mumewe na kuipitisha kwenye kitundu kile mbele yetu, ndipo akapokea boksi. Wafanyakazi wageni walidhani ni uganga mpaka tulipowaeleza. Hata hospitali ilipompa pikipiki mpya, yenye mfuniko wa aina nyingine, kitu cha kwanza alichotafuta ni kitundu chake. Kwa miaka kumi na sita hakuchelewa tena.

Juzi alinikabidhi funguo, boksi, kofia ngumu na koti la mvua, nikasaini. Pini haikuwamo. Ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake, siku ambayo hakuwa na safari yoyote. Nilipomwuliza, alijibu kwamba ile si mali ya hospitali.

Mama Spana, kwa niaba ya kitengo, na ya wagonjwa wengi waliofikiwa kwa wakati bila kulijua jina lako, asante sana. Kwa zile siku mbili, naomba radhi mimi mwenyewe, nimechelewa mno. Nenda kwa heri, ukamrudishie fundi wako beseni lake, na mjaliwe afya na siku nyingi za kukaa pamoja. Ila ile pini tuachie. Dereva mpya ameshaonyeshwa kitundu kilipo, na kila asubuhi tutaipitisha humo sisi.