Mutinda Makau na Kona Iliyoachwa Wazi

Waliokuwepo kwenye ile kona ya barabara ya Kinango kwenda Samburu, asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, ni Mutinda mwenyewe aliyekuwa akiendesha gari la mashindano, Swabir navigeta wake aliyeketi kando yake akimsomea kona, Baya aliyewekwa pale mapema na bendera kuisimamia kona, mama Mbeyu ambaye boma lake linapakana na barabara, dereva wa lori la maji ambaye hadi leo hatujaambiwa jina lake, fundi Abdurahman, mama mkwe wangu Kavindu, na mimi Jemima, mke wa marehemu, nikiwa na watoto wetu wawili, mmoja nimemshika mkono na mwingine mgongoni. Watazamaji wengine walikuwa mbali kwenye hema la wageni. Nimewataja wote mwanzo kwa sababu wiki nzima hii watu wamekuwa wakiongeza majina ya wasiokuwepo, na kila anayeongezwa huongezwa pamoja na sababu ya kumuua.

Baba mdogo Kavumbi ndiye aliyepangiwa kusoma wasifu huu wa marehemu, lakini jana aliniambia, "Jemima, wewe ulikuwa pale, mimi nitasimama nyuma yako tu," na kweli amesimama, namshukuru. Mimi niliishia darasa la nane, kwa hivyo nitasoma polepole, mnivumilie.

Marehemu Mutinda Makau alizaliwa tarehe 9 Juni 1992 katika hospitali ya Msambweni, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Makau na mama Kavindu, waliotoka Ukambani wakaja kulima hapa Shimba Hills, na wengi wenu mliowapokea wakati huo kwa mbegu za mihogo na kwa kuwaonyesha kisima mpo hapa leo. Alianza darasa la kwanza mwaka 1999 katika shule yetu hii ya kijijini, akamaliza la nane mwaka 2006, akaenda sekondari na kuacha kidato cha pili mwaka 2008 baba yake alipofariki, na walimu wake wanasema kila gari lililokwama mlimani wakati wa mvua yeye ndiye aliyefika wa kwanza kulisukuma, kisha akaingia darasani na matope hadi magotini.

Mwaka huo huo alipokewa na fundi Abdurahman kwenye gereji yake Ukunda, akaanza kwa kuosha vyuma, na hapo ndipo alipokutana na Swabir, mpwa wake fundi, wakawa wanakula sahani moja, na mwezi wa Ramadhani ulipoingia Mutinda hakuonekana akila mchana mbele ya wenzake, ingawa hakuna aliyemkataza. Tarehe 3 Mei 2014 alishindana kwa mara ya kwanza, kwa gari walilolifufua wenyewe, akawa wa mwisho, na fundi akamwambia mbele ya watu, "Bwana Mutinda, hata ng'ombe wa Kinango wamekupita wakienda mnadani," na Mutinda akacheka kuliko wote. Mwaka 2021 alikuwa bingwa wa Pwani, mwaka 2023 akawa tena, na picha yake ikabandikwa kwenye tuktuk za Ukunda, nyingine zikiwa na masharubu ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2015 katika kanisa hili hili, na alipokuja kwetu Msambweni kujitambulisha aliendesha polepole sana hadi mama yangu akamwuliza kama gari lina hitilafu. Mungu alitujalia Makau, aliyezaliwa tarehe 4 Februari 2017, na Kavindu, mwenye jina la nyanya yake, aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 2024, ambaye bado ananyonya na hatamkumbuka baba yake isipokuwa kwa tutakayomwambia, na ndiyo maana ni lazima tutakayomwambia yawe ya kweli.

Ndugu zangu, kila anapokufa ghafla mwanamichezo anayejulikana, awe mkimbiaji au mpiga ndondi au dereva, watu hawasemi amekufa, huuliza nani amemmaliza. Nami nilikuwa hivyo hivyo, nikisoma habari hizo kwenye simu nilimwonyesha Mutinda na kumwuliza ni nani alikuwa adui wa yule, akanijibu, "Mama Makau, kwa kasi ile mtu hahitaji adui." Nikamwambia basi apunguze, akasema, "Nikipunguza, tuktuk zitabandika nani?" Nilicheka, na sasa nakumbuka kwamba nilicheka.

Kwa kawaida mahali hapa husomwa habari za ugonjwa, lakini Mutinda hakuugua. Asubuhi ile alikunywa uji na kumbeba Kavindu hadi mlio wa kuwaita madereva wajipange ulipolia, na wakati wa kuanza ulipofika akaondoka wa kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiongoza, nasi tulikuwa tumetangulia kwenda kumngoja kwa mama Mbeyu, aliyetupa kivuli na kuwapa watoto maji yake ya kunywa, na mnajua maji Kinango ni kitu cha kupewa na mtu anayekupenda. Kutoka pale barabara inaonekana upande mmoja tu wa kona. Tulisikia gari likija, likapita mbele yetu, Makau akapunga mkono, likaingia kwenye kona, kisha tukasikia sauti ambayo sitaieleza. Gari la Mutinda lilikuwa limeligonga lori la maji lililozimika katikati ya barabara. Alipelekwa hospitali akiwa bado anapumua, na akafariki kabla ya saa sita mchana.

Tangu hapo tumeambiwa mambo mengi. Waandalizi walitoa taarifa kwamba lori lilikuwa la wanakijiji na liliingia bila ruhusa, kwamba matawi ya kuonya yaliwekwa kabla ya kona, na kwamba dereva hakuyajali. Maana yake ni kwamba Mutinda alijiua kwa kiburi. Swabir naye, kitandani hospitalini, aliniambia, "Wallahi Jemima, hakukuwa na hata jani, barabara ilikuwa tupu, nikamsomea kulia, ndefu, achilia, yaani asikanyage breki." Kukawa na maneno mawili, na pale penye maneno mawili watu hutafuta mwongo. Vijana wa bodaboda Ukunda wakasema Swabir amenunuliwa na timu nyingine, wengine wakasema ameahidiwa kazi ng'ambo, na hapa nyumbani, nasema kwa heshima kwa sababu ananisikia, mama mkwe wangu aliuliza, "Mwanangu amevunjika mwili mzima, yule mkono tu?" Jumatatu akatangaza kwamba Swabir asiliguse jeneza wala asitie udongo. Nami, sitawaficha, nilianza kumtazama Swabir kwa jicho hilo hilo, nikikumbuka ni lini alichelewa, ni lini alizungumza na nani kwenye simu.

Jumanne mama Mbeyu alikuja matangani kutoka Kinango na mzigo wa kuni kichwani. Hakutaka chai. Aliketi nami jikoni akisugua masufuria, kisha akasema, "Mwanangu, matawi yalikuwepo. Mimi ndiye niliyeyatoa."

Nyote mnaijua desturi hii ya barabara zetu, gari likiharibika, mwenye gari hukata matawi akayapanga barabarani kuwaonya wanaokuja, na likishapona ni lazima yaondolewe, kwa sababu yakiachwa yanaweza kumwangusha mtu asiye na kosa, na anayeyaacha hulaaniwa na kila anayepita. Mama Mbeyu alieleza kwamba lori lilipozimika dereva wake alikata matawi ya mwarobaini akayapanga vizuri, kisha injini ikanguruma, likasogea, dereva akampungia mkono kumuaga, likaingia kwenye kona. "Nikawaza, mtoto wetu anakuja kwa kasi, akikanyaga hivi vigogo ataruka. Nikayavuta yote kando, na mawe pia, nikarudi kuwatengea maji, ninyi hamjafika bado." Hakuona kwamba kule nyuma ya kona lori lilizimika tena.

Nilimwambia nitanyamaza, nisimtaje, kwa maana nilijua macho ya watu wiki hii yalivyo. Akasema, "Usinifiche, Jemima. Ukinifichia mimi, watamla Swabir." Yuko hapa, ameketi pamoja na kina mama wa kanisa, na ninawaomba mnapomwangalia mkumbuke kwamba mikono ile ilikuwa ikimsafishia Mutinda njia.

Mama, kuhusu ule mkono uliouliza, fundi Abdurahman alirudi kwenye kona akaziona alama za magurudumu, nami nilikwenda naye nikaziona. Mutinda alipoliona lori alikata usukani kwenda kushoto, na kwa kuwa dereva hukaa kulia, upande wake ndio ulioingia chini ya lori, na upande wa Swabir ukabaki mzima. Hakuna aliyemnunua Swabir. Mwanao ndiye aliyempa ule upande.

Lakini sijamaliza, na haya nayasema kwa waandalizi, ambao wametuma shada la maua ila hawakutuma mtu. Mnasema lori lilikuwa la wanakijiji. Asubuhi ile, kabla mashindano hayajaanza, nilikwenda hemani kwenu kuomba kiti cha mama mkwe wangu, na kijana mmoja wenu, Mungu ambariki, alinipa chake mwenyewe. Nilirudi na matope kwenye viatu. Kinango mvua haikuwa imenyesha kwa miezi, watu wanafuata maji kwa punda, na mbele ya hema lenu ardhi ilikuwa imelowa ili vumbi lisiwafikie wageni. Ni lori gani lililomwaga maji yale? Nani aliliruhusu lirudi kwa barabara iliyofungwa, baada ya gari lenu la kukagua na kufungua njia kupita? Na Baya, aliyekuwa na bendera, ni nani aliyemwita aiache kona aende hemani, na kwa nini tangu Jumapili simu yake haipatikani? Simshtaki mtu. Nauliza tu mbele ya watu, ili isije ikasemwa kwamba hatukuuliza.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi aliyemnywesha mtoto Kavindu uji kwa kijiko, majirani mliochimba, mliopika na mliolala chini ili wageni walale vitandani, kina mama wa soko la Ukunda, na mafundi wa gereji ambao wameifunga milango wiki nzima na leo wamesimama huku nyuma kwa adabu ingawa viti vipo, njooni mketi. Bwana alitoa wakati mfupi, na Mutinda aliutumia wote. Mume wangu, sasa hakuna anayekungoja mwisho wa barabara, pumzika kwa amani, pumzika bila haraka.

Haya niliyasoma Jumamosi tarehe 23 Agosti. Tulipofika kaburini mama Kavindu alimsogelea Swabir, akamtilia udongo kwenye mkono wake mzima, akampisha autupe, lakini hakumtazama usoni.