Tarcis Polikarpo Mkude, Mhakiki wa Picha za Ndege (1933–1979)

Tunayemzika leo, Tarcis Polikarpo Mkude, alizaliwa tarehe 3 Mei 1933 Bagamoyo, katika nyumba ya makuti nyuma ya minazi ya misheni. Baba yake, Mzee Polikarpo, alishuka pwani kutoka Uluguru kutafuta kazi. Mama yake, Sihaba, alikuwa binti wa Kikwere aliyebatizwa siku chache kabla ya harusi. Walizaa watoto wawili tu, Gertruda na Tarcis. Gertruda alimtangulia mdogo wake kwa miaka minne, na ndiye aliyembeba mgongoni kabla mgongo wenyewe haujakomaa.

Mwaka 1941 Tarcis alipelekwa shule ya misheni. Gertruda alimuuliza baba yake, "Na mimi je?" Baba akamjibu, "Wewe utamsaidia mama kulima, mwenzio apate kula." Ikawa hivyo. Tarcis alisoma mpaka darasa la nane, akamaliza mwaka 1949 akiwa wa pili darasani. Wanaomsifu kwa elimu yake wanasema kweli. Wakumbuke tu kwamba muhogo aliokula akisoma haukujichimba wenyewe.

Mwaka 1951 aliajiriwa na wapimaji wa ardhi, kazi yake kuvuta mnyororo wa kupimia. Alitembea kutoka pwani mpaka Ubena na kurudi, na hakuna njia ya miguu asiyoijua. Tarehe 27 Agosti 1955, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Evarista katika kanisa la misheni. Walijaliwa watoto watatu, na yule wa kwanza alimpa jina la dada yake.

Mwaka 1963 alichaguliwa kusomea Dar es Salaam, miezi minane, chini ya walimu wa kigeni. Walimfundisha kusoma picha za nchi zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Picha mbili za mahali pamoja huwekwa sambamba chini ya kioo chenye macho mawili, na ukiinama kutazama, ardhi huinuka: mti unasimama, bonde linazama, paa linajitokeza. Tarcis alirudi nyumbani akisema amepewa macho ya mwewe. Evarista akamwambia, "Basi tazama huko juu uone nani kamwaga maji ya kunywa."

Utafiti uliompa jina ulianza mwaka 1967. Uholanzi, Uswidi na Poland zilishirikiana na ofisi ya wapimaji aliyofanyia kazi Tarcis kujua kama mtu aliyekaa Ulaya anaweza kuisoma nchi asiyoikanyaga. Mwezi Julai ndege ilipiga picha za pwani hii. Nakala zikapelekwa nchi zote tatu, na huko kila msomaji akaandika anachokiona: shamba, pori, nyumba, mabwawa ya chumvi. Kisha Tarcis alitembea mahali hapo kwa miguu kuhakiki nani kapatia, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Msomaji wa Uswidi alipoyaona makaburi ya kale ya Kaole aliandika, "Nyumba kumi na tatu, zina wakazi." Tarcis akaandika chini yake, "Wakazi wapo, lakini hawatoki nje." Bwana Verhoef, Mholanzi aliyeongoza utafiti, aliyacheka maneno hayo mwaka mzima.

Ndipo ikaja picha ya arobaini na saba. Ndani yake lilikuwamo shamba la Gertruda, upande wa Zinga, ekari sita alizoachiwa na mama yao. Gertruda alikwisha kufiwa na mume na alililima peke yake. Miaka ile miwili alikuwa amelipumzisha, kama mama alivyomfundisha, ardhi ipate nguvu. Wasomaji wote watatu waliandika "pori". Oktoba 1968 Tarcis alifika pale, akasimama kwenye majani yanayomfika kifuani, naye akaandika "pori". Kwa dada yake hakupita siku hiyo, ingawa nyumba ilikuwa hatua mia mbili.

Ramani ilichapwa Ulaya, ikarudi nzuri, ina rangi. Mwaka 1974 watu walipokusanywa katika vijiji, viongozi waliitandaza mezani kutafuta ardhi isiyo na mwenyewe. Shamba la Gertruda likagawiwa. Alipokwenda kulalamika, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kitwana, alimwambia mbele ya watu, "Mama, wataalamu wa nchi tatu wamesema pori, na ndugu yako kasema pori. Wewe hujui kusoma, unabishana na nani?" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo aliitwa Mama Pori, hata kisimani, hata na watoto.

Gertruda alimwendea ndugu yake. Tarcis alisema ndiyo sheria ya kazi, kuandika kinachoonekana. Hawakuzungumza tena kwa miaka mitatu. Sikukuu zilipofika, Evarista alipeleka chakula na kurudi na sufuria ikiwa bado imejaa.

Machi 1977 Tarcis alikwenda kwa dada yake mwenyewe, amebeba kile kioo ndani ya sanduku la mbao. Alikiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akapanga picha mbili.

"Shikamoo, dada. Tazama humu."

"Marahaba. Nitazame nini na mimi sijui kusoma?"

"Tazama tu."

Gertruda aliinama. Akaanza kuonyesha kwa kijiti. "Haya matuta ya muhogo. Hapa nilikata mkorosho ulioliwa na mchwa. Huu mstari ni mpaka niliopanda mbono. Na hawa wenzako wa nchi tatu walikuwa wanatazama nini?"

Tarcis naye aliinama akatazama. Chini ya majani yale matuta yalionekana safu kwa safu, kama mbavu. Gertruda akainua kichwa na kumuuliza, "Na wewe uliyesimama juu yake, hukuyaona?" Tarcis alizikusanya picha. Alifunga sanduku, akaondoka.

Wiki ile aliandika barua tatu, Uholanzi, Uswidi na Poland, kwamba picha ya arobaini na saba ilihakikiwa vibaya na kosa ni lake. Wakati huo alikuwa amealikwa Ulaya kuueleza utafiti mbele ya wataalamu. Baada ya barua hizo mwaliko ulipewa mtu mwingine. Nakala aliipeleka mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. Mzee Kitwana aliisoma, akaigeuza, akasema, "Bwana Mpima, aliyeandika pori ni wewe, anayeandika shamba ni wewe. Tumwamini yupi?"

"Wa leo, Mwenyekiti. Yule wa siku ile alikuwa na haraka."

Wazee walishauriana, wakamrudishia Gertruda ekari mbili ambazo hazijajengwa. Gertruda alikuwa amekaa nyuma. Alizipokea, akashukuru, lakini neno lile la haraka hakulikubali. Ndugu yake hakuwa mtu wa haraka hata siku moja. Alihesabu hatua hata akienda kuoga. Na kijijini jina la Mama Pori halikufutika, maana watu walisema Tarcis kamwonea huruma dada yake tu.

Novemba 1978 miguu ya Tarcis ilianza kuvimba. Waganga walisema ni figo. Alitibiwa hospitali ya wilaya, kisha Dar es Salaam, akarudishwa nyumbani Julai mwaka huu. Evarista alimuuguza mchana na usiku. Gertruda alikuja kila asubuhi na uji. Jumatano iliyopita, Gertruda akiwa amemshikia kikombe, Tarcis aliushika mkono wa dada yake.

"Dada, haikuwa haraka. Matuta niliyaona. Niliyakanyaga. Niliogopa Wazungu wasije wakasema nampendelea dada yangu."

"Najua. Kunywa uji."

"Hapana. Wewe unajua, wao hawajui. Siku ya kunizika neno hili lisomwe, Kitwana akiwepo."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Septemba 1979, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, Evarista, watoto, Gertruda, Polikarpo na Majaliwa, wajukuu wawili, na dada yake, Gertruda Polikarpo, mwenye shamba.

Neno lako limesomwa, Tarcis, na Mzee Kitwana yupo, amesimama safu ya mbele. Mwenyezi Mungu akupokee. Lala kwa amani, mdogo wake Gertruda.