Justa Akelo Otuoma na Bakteria wa Busisi, 1949–1999

Justa Akelo Otuoma, mke wa Bwana Venant Shimba, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1949 katika kijiji cha Kinesi, ng'ambo ya ghuba ukitokea Musoma. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Okomo Otuoma na Mama Rispa, waliovua samaki na kulima. Jina la Akelo alipewa kwa sababu alizaliwa akifuata mapacha. Tangu mdogo alishindwa kusubiri. Karanga zikiwa bado changa aling'oa mashina kuona kinachoendelea chini, kisha akayarudisha ardhini na kuyashindilia kwa mguu, akidhani hakuna atakayejua. Yakanyauka. Baada ya misimu miwili mama yake alimtengea mstari mmoja na kumwambia kuwa huo ni wake wa kufukua, na mwingine ukiguswa ni fimbo. Aliufukua wote.

Alisoma shule ya msingi Kinesi kuanzia 1957, akamalizia shule ya kati Musoma, kisha akachaguliwa kwenda Bwiru, Mwanza, alikosoma kuanzia 1965 hadi 1968. Ripoti yake ya kidato cha tatu ipo hadi leo. Alama zake za baiolojia ni za juu, na kwenye sehemu ya tabia mwalimu aliandika neno moja: hatulii. Mwaka 1971 alipata cheti cha kilimo, upande wa maabara.

Tarehe 1 Februari 1972 aliajiriwa katika Kituo cha Udongo cha Ng'washi, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukusanya udongo kutoka mashamba ya kando ya ziwa. Ndivyo alivyokutana na Bwana Venant, aliyekuwa fundi wa injini kwenye pantoni ya Kigongo na Busisi. Alimwona binti huyohuyo akivuka mara tatu kwa wiki moja, kila mara na mifuko ya udongo, akiwa amesimama safari nzima ingawa viti vilikuwapo. Siku ya tatu akamuuliza kama amepewa kazi ya kuihamisha Sengerema kidogo kidogo. Justa akamjibu kuwa ndiyo, na kwamba akifika kwenye nyumba ya kina Venant atabisha hodi. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1973 na kujenga kwenye shamba la ukoo wa Shimba, Kisesa, upande wa Bujora. Mungu aliwajalia watoto wawili: Hellen, aliyezaliwa 1975, na Yeremia, 1978.

Wengi waliohudhuria hapa walimfahamu Justa kama mtu asiyemaliza chai. Ni vyema wajue alikuwa anawahi wapi.

Kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde huishi bakteria. Hujenga vinundu vidogo, na humo ndani huichukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kinundu kinachofanya kazi ukikipasua ni chekundu ndani. Kilichopauka, Justa alisema, ni mgeni anayekula tu. Ruzuku ya mbolea ilipokuwa ikiondolewa, miaka ya tisini ikianza, na mfuko mmoja ukawa kitu cha kutazamwa dukani, kituo chake kiliingia katika mradi wa soya. Wakubwa wa mradi walitaka bakteria wa pakiti kutoka nje. Justa aliomba nafasi ya kutafuta wa hapa.

Kati ya 1990 na 1992 alizunguka Magu, Sengerema na Ukerewe akifukua mizizi. Aliingia kwenye mabonde ya mpunga miguu mitupu. Mume wake alimnunulia buti. Akakataa kuzivaa kazini kwa sababu buti hubeba udongo wa shimo la jana hadi kwenye shimo la leo, wakati mguu unaoshwa kwa spiriti na kazi inaendelea. Alirudi na bakteria wa aina sitini na mbili, kila aina katika chupa yake. Chupa namba 38 ilitoka kwenye mizizi ya mmea wa porini pembeni ya bonde, karibu na Busisi. Katika vyungu vya majaribio, soya iliyopata namba 38 ilikuwa ya kijani kuliko zote.

Msimu wa 1993 alipewa nafasi ya kuijaribu kwenye mashamba ya kikundi cha akina mama kinachoongozwa na Mama Teodora, hapa hapa jirani. Soya ikatoka ya njano. Ripoti ya mradi ikaandika kuwa bakteria wa asili hawafai, na fedha zote zikaelekezwa kwenye pakiti za nje. Justa aliisoma ripoti hiyo akiwa amesimama mlangoni kwa aliyeiandika, akairudisha mezani, na mwaka uliofuata akatumia likizo yake kufanya alichopaswa kufanya mwanzoni. Alifika kwa Mama Teodora siku ya kupanda, saa moja asubuhi, akakaa kimya na kutazama.

Akina mama walilowesha mbegu kama karatasi yake ya maelekezo ilivyosema. Walichanganya na mboji yenye bakteria kama karatasi ilivyosema. Kisha wakazitandaza kwenye mikeka, juani, wakaenda kunywa uji.

Akawauliza wanafanya nini.

"Dada Justa, mbegu iliyolowa inaoza," Mama Teodora alimwambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Kwani kwenu hamwaniki?"

Jua la saa mbili lilikuwa limewaua bakteria kabla mbegu hazijaiona ardhi. Mwaka mzima hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyeona la kusema. Mama yeyote makini angeanika. Karatasi ilisema lowesha, changanya, panda. Haikusema msianike. Justa hakuwahi kuwalaumu akina mama hao. Aliandika barua kwa mradi akieleza kuwa kosa ni la mwandishi wa karatasi, na mwandishi ni yeye. Barua haikujibiwa.

Tarehe 30 Juni 1995 alipunguzwa kazini pamoja na wenzake kumi na mmoja. Jokofu la maabara lilitakiwa kwingine na chupa ziliamriwa zimwagwe. Aliomba azichukue, akaambiwa afanye haraka. Alizisafirisha kwenye boksi la samaki lenye vipande vya barafu kutoka kwenye kiwanda cha minofu, akazifukia kwenye mtungi wa mchanga mbichi nyuma ya jiko, ambako zilinuka sangara hadi Krismasi. Kufikia Machi 1996 chupa tisa ndizo zilizokuwa na bakteria walio hai. Namba 38 ilikuwamo.

Hapo ndipo anapoingia Bwana Chenge. Ukoo wake na ukoo wa Shimba ni watani, na duka lake la pembejeo pale Kisesa lilikuwa la kwanza kuuza pakiti za bakteria kutoka nje. Alikuwa akimpigia Justa kelele kutoka dukani, wateja wakisikia.

"Mama Hellen, wadudu wangu wamepanda ndege. Wako wamepanda pantoni."

"Wako wakishuka wanakufa," alimjibu. "Kila mwaka mtu arudi kwako. Wangu watakaa."

Watu walicheka, lakini Justa alijua kuwa bado hana haki ya kusema hivyo. Kama bakteria wa Busisi hawawezi kuishi ardhini kiangazi baada ya kiangazi bila kupandwa upya, basi hawana tofauti na pakiti, na miaka yake yote imeishia kwenye mtungi wa mchanga. Kama wanaweza, mwanamke akiwapata mara moja amewapata moja kwa moja.

Machi 1996 alipima vitalu vitatu hatua ishirini kutoka jikoni. Cha kwanza alipanda soya bila chochote. Cha pili aliweka pakiti ya Bwana Chenge, aliyoinunua kwake mwenyewe. Cha tatu namba 38. Mwaka 1997 alipanda mahindi. Mwaka 1998, kwa mvua zile ambazo hakuna anayehitaji kukumbushwa, maji yalisimama wiki tatu na hakupanda kitu. Kila asubuhi alikwenda kuyatazama. Tarehe 27 Februari 1999 alipanda soya kwenye vitalu vyote vitatu, bila kuongeza bakteria popote, na akaandika ukutani kwa chaki kuwa mizizi ifukuliwe siku ya arobaini na tano, yaani tarehe 13 Aprili.

Alikuwa mgonjwa tayari. Tumbo lilianza kuvimba mwaka 1997, na Novemba 1998 alitapika damu. Madaktari wa Bugando walieleza kuwa ni kichocho cha miaka mingi. Dawa iliwaua minyoo, lakini ini lilikuwa limeshaharibika. Bwana Venant alizitoa zile buti chini ya kitanda na kuzipeleka stoo, mke wake asizione. Alilazwa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo aliomba ruhusa mapema akidai ana wanyama nyumbani. Muuguzi alipouliza ni ng'ombe wangapi, alisema hawahesabiki.

Wiki ya mwisho alishindwa kusimama, na waliomfahamu wataelewa maana yake. Alimtuma Hellen vitaluni asubuhi na jioni, na kila akirudi alimuuliza maswali yaleyale: rangi ya majani, maua mangapi, ng'ombe wamepita wapi. Hellen alimwomba mara moja ruhusa ya kung'oa shina moja tu, ajue. Alikataa. Alisema shina moja si jibu.

Alifariki Jumamosi tarehe 10 Aprili 1999, saa kumi alasiri, nyumbani, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Waombolezaji walianza kufika jioni ileile. Jumapili fahali wa msiba alifungwa karibu na vitalu na akala nusu ya mstari mmoja. Ilikuwa wazi kuwa leo, siku ya mazishi, watu mia nne wangesimama juu ya soya. Hellen aliomba mizizi ifukuliwe mara moja. Shangazi yake, Bi Dorotea Shimba, alimkumbusha kuwa nyumba yenye msiba haiingizi jembe shambani mpaka siku ya nne baada ya maziko, na kwamba jambo hilo halikuanza na wao wala halitaishia kwao. Bwana Venant aliulizwa, akasema anaona pande zote mbili zina haki, kisha akatoka nje.

Jana Jumatatu Bwana Chenge alifika msibani kama mtani. Aliingia ndani bila hodi, akatoka amevaa koti jeupe la maabara la marehemu, akaanza kumwigiza: anakaa, anainuka, anashika kikombe, anakiacha. Hata Bi Dorotea alicheka. Kisha akachukua jembe kwa wachimba kaburi na kuelekea vitaluni.

Bi Dorotea akamwita asimame.

"Shangazi, mimi sina msiba hapa," alisema bila kugeuka. "Mimi ni mtani. Marehemu amekufa akiniachia kibarua, na simsamehi."

Na ni kweli. Mtani hafiwi.

Alifukua mashina kumi kwa kila kitalu, akayaosha kwenye ndoo, akahesabu kwa sauti mbele ya watu, huku Yeremia akiandika. Kitalu kisichowekwa kitu: wastani wa vinundu vinne, vimepauka ndani. Kitalu cha pakiti: saba, viwili kati ya hivyo vyekundu. Kwenye kitalu cha tatu alianza kwa kupiga kelele na kufikia shina la nne alikuwa anahesabu kwa sauti ya kawaida. Wastani wa vinundu thelathini na moja. Alivipasua kwa ukucha kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vyekundu, isipokuwa vitatu.

Alikaa pale chini, na koti lile, muda mrefu kuliko mwenye koti alivyowahi kukaa popote.

"Mtani," alisema, "umenishinda, na mimi ndiye niliyehesabu."

Kwa ajili ya usahihi, ambao marehemu angeudai: hesabu ilifanyika siku ya arobaini na nne, si ya arobaini na tano, ni shamba moja, na mashina matano ya kitalu cha kwanza yaliliwa na fahali. Lazima irudiwe. Mama Teodora na kikundi chake wameomba udongo wa kitalu cha tatu, na familia imekubali. Jumamosi tarehe 17 Aprili, baada ya matanga, kila mmoja aje na chombo chake chenye mfuniko. Wachimba kaburi wameombwa wasichukue udongo upande huo.

Justa Akelo Otuoma ameacha mume, Bwana Venant Shimba. Watoto wawili, Hellen na Yeremia. Mjukuu mmoja, Princess. Kaka wawili na dada watatu. Na chupa tano zilizosalia kati ya zile tisa, ambazo tangu jana ziko chini ya uangalizi wa Hellen.

Kupumzika hakukuwa tabia yake, na hatuwezi kudai alikutamani. Tunamwomba Mungu amfundishe kupumzika, taratibu, na ampe amani.