Baba Niliyemwazima Itaba

Bwana wetu apewe sifa, kanisa la Muyinga! Mi naitwa Furaha, mkimbizi kutoka Fizi, kule Kongo, muuza vitenge. Hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa Mrundi.

Ndugu zangu, nilichoka kuitwa mkimbizi! Kila safari nashushwa kwenye basi, naulizwa karatasi. Rafiki akanipeleka Itaba, kule Gitega, kwa Papa Melkiori, mkulima aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania. Mzee akanihurumia. Akaapa komini, kwenye ofisi ya serikali, kwamba mimi ni binti yake aliyepotelea Kongo wakati wa vita. Nikapewa karangamuntu, kitambulisho cha Mrundi. Nikaja hapa kutoa shukrani! Nilimshukuru Mungu kwa uongo, na ninyi mkasema amina.

Mzee akafariki. Watoto wake wakakuta jina langu kati ya warithi, wakaogopa nitachukua shamba. Wakanishtaki Gitega. Mimi, ambaye hata jembe sijui kulishika!

Jaji akauliza, "Mama, marehemu ni baba yako?"

Ningejibu nini, ndugu zangu? Nikisema ndiyo, nawaibia wafiwa. Nikisema hapana, najifunga mwenyewe. Nilikuwa nimefunga siku tatu nikimwomba Mungu anipitishe. Kimya! Nilimkasirikia, sifichi. Kumbe alikuwa akiningoja mimi niseme.

"Hapana," nikajibu. "Mi ni mtu wa Fizi. Nilidanganya."

Binti mkubwa wa mzee akalia, "Mbona hukusema akiwa hai? Sasa baba yangu yuko kaburini na anaitwa mwongo!"

Hilo liliniuma kuliko pingu.

Nikanyang'anywa karangamuntu, nikafungwa, meza yangu sokoni ikapewa mwingine. Nilipotoka nikaanza upya kuomba kadi ya ukimbizi. Mwaka mzima wa foleni! Kila karani, "Wewe ndiye yule?" Ndiye mimi! Lakini leo karatasi yangu ina jina la baba aliyenizaa, na askari akiniuliza natoka wapi, sitetemeki. Asante Yesu!

Sasa nisikilizeni. Tangu nifunguliwe, watu wanne humu ndani wamenivuta pembeni: "Mama Furaha, tuonyeshe ile njia." Jamani! Nimetoka gerezani, mnaniuliza njia? Njia ninayoijua ni hii: aliye na karatasi ya uongo aje kesho asubuhi. Nitamsindikiza mwenyewe hadi komini, aseme kweli. Mungu hatamwacha pale peke yake, na mimi nitakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe.