Kaniki Hana Kazi

Benchi la nje ya duka la Hasanali, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani, halikuwa likijaa asubuhi mpaka kiwanda cha kamba kilipofungwa. Miaka ile duka lilipokuwa na viberiti na dawa ya viatu tu, watu walikuwa kazini. Sasa duka limejaa sabuni za kila rangi, na watu wamejaa kwenye benchi. Hapo ndipo Zabron, fundi mitambo wa zamani wa kiwanda kile, mtu wa Lushoto, alipozoea kunywea kahawa yake chungu tangu amzike mkewe Ruthi. Asubuhi moja alikuja na kiatu kimoja mkononi. Kisigino hakikuwepo.

— Kaniki tena? akauliza Noa, waliyemwita Kocha kwa sababu aliwafundisha mpira watu wote isipokuwa wachezaji.

— Kaniki. Jana kiatu, juzi mkeka wa jirani. Nikimfunga analia, nikimfungua anachimba. Kutwa anazunguka nguzo kama mtu aliyedondosha pesa. Nimeshindwa, jamani. Adhuhuri anakuja mtu wa Muheza, mwenye shamba la machungwa, kumchukua. Atamfunga mnyororo langoni.

Kaniki, mbwa mweusi tii, alikuwa wa Ruthi. Ruthi ndiye aliyemwokota mtaroni angali mdogo kama ngumi. Zabron aliyasema yale macho yakiwa ndani ya kikombe. Moyo wa kumtoa hakuwa nao. Nyumba nzima, aliyebaki kuinua kichwa mlango ukilia alikuwa mbwa yule peke yake.

— Yakhe, akaanza Uweso, aliyeitwa Mawimbi maana redio haikumtoka sikioni. Mbwa huyo haumwi. Kachoka kukaa bure. Miye nimesikia, Ulaya mbwa wana shule.

— Wanasoma nini? akauliza Zabron.

— Wanafundishwa kukaa.

— Si ndiko huko huko kukaa kunakomuua?

— Mpe mpira, akasema Kocha. Mbwa ana kasi, ana pumzi, na hadai posho. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na winga.

Hasanali akatoa kichwa juu ya magunia ya mchele. Yeye walimwita Subiri, kwa lile neno alilowajibu wateja miaka yote ya uhaba.

— Mnunulie kioo, Zabron. Akijiona, atadhani kaja mwenzake. Watashinda wakibwekeana.

— Wakigombana je?

— Basi kapata shughuli!

— Nyiye hamjui kitu, akasema Mawimbi, akazima redio, jambo lililoonyesha kuwa neno ni zito. Huyo ana pepo. Pepo wa Kidigo. Anataka ngoma, halua na marashi. Mbwa hafi maji akiona ufuko.

— Hiyo methali inahusu nini hapa? akauliza Hasanali.

— Inahusu mbwa!

— Mimi ningempa umeneja, akasema Kocha. Kile kiwanda kilikufa kwa sababu wakubwa wote hawakuwa na pua. Huyu angenusa wizi kabla haujatoka getini.

— Mwanzo umeneja, kesho atataka gari, akasema Hasanali. Na dereva. Na dereva naye atataka mbwa.

Zabron akacheka kidogo, kicheko cha kuwaridhisha wenzake. Hapo akafika dada mmoja na chupa ya mafuta ya taa, Praxeda, aliyehamia mtaani siku si nyingi kutoka Kigombe.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

Akampa Hasanali chupa, akasita.

— Samahani, mzee Zabron, nimesikia bila kukusudia. Mama, marehemu, alikuwa akishinda naye vipi huyo mbwa?

Kocha akamtazama Mawimbi. Mawimbi akaitazama redio. Zabron, maisha yake yote ya ndoa, alitoka na king'ora cha kiwanda kabla jua halijachomoza, akarudi nacho jioni. Alijua Ruthi anakaanga maandazi; alidhani anayauzia pale pale mlangoni. Akirudi alimkuta Kaniki kalala kama gunia, akasema, mbwa mvivu huyu. Basi.

— Sijui, akasema.

Neno dogo, lakini lilikuwa chungu kuliko kahawa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Hasanali taratibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile methali ikakaa mahali pake.

Zabron akaacha kikombe hakijaisha. Alipofika kwake alimkuta Kaniki shingo imemnyooka mwisho wa kamba. Akamfungua, na mara hii akauacha mlango wa ua wazi. Mbwa hakuchimba. Aliingia ndani, akainusa ndoo ya maandazi iliyofunikwa pembeni, akatoka, akasimama barabarani akitazama nyuma, kana kwamba anasema: je, huji?

Akamfuata.

Kaniki alikwenda kama mtu mwenye miadi. Kwa fundi baiskeli alibweka mara moja, na fundi, bila kuinua kichwa, akanyoosha sahani ya bati. Alipoinua macho akamwona mwanamume asiye na ndoo.

— Mama yuko wapi? Tulidhani kahama.

Zabron akamweleza. Fundi akairudisha sahani polepole, akamshika mkono kwa mikono yake miwili yenye grisi.

Wakavuka reli. Akina mama wa mchicha wakamwita mbwa kwa jina. Wakashika njia ya Raskazone, na kwenye geti la nyumba kubwa mlinzi mmoja, Tadeo, alipomwona Kaniki akaokota kifuu cha nazi, akakirusha ndani ya michongoma. Mbwa akaruka, akapotelea humo, akatoka nacho mdomoni, mkia ukipiga kama fimbo ya ngoma.

— Mchezo wa mama huo, akasema Tadeo. Alikuwa akipumzika hapa, anarusha, anacheka peke yake kama msichana.

— Ruthi? akauliza Zabron.

— Ndiye. Wewe ni nani kwake?

Zabron alilieleza hilo kwa shida zaidi kuliko la msiba.

Kaniki hakungoja. Alizunguka nyuma ya nyumba ile, kwenye chumba kilichokuwa cha watumishi, akasimama kizingitini bila kuvuka, akalala kidevu juu ya ngazi. Ndani aliketi bibi mmoja jamvini, macho yake meupe kwa uzee.

— Ruthi, leo umechelewa, mwanangu. Umechelewa mno.

Zabron akavua kofia.

— Shikamoo, bi. Si Ruthi. Ni mumewe. Ruthi tulimzika kabla ya masika.

Mkono wa bibi ukapapasa jamvi, pale pembeni palipochakaa kwa kukaliwa.

— Innalillahi, akasema. Na mimi Semeni nikawaza moyoni, mtoto huyu kanichoka.

— Hakukuchoka, bi.

— Wewe ndiye Zabron?

— Ndiye.

— Unayeanza ukoko, wali baadaye?

Zabron akashika mwimo wa mlango.

— Alikuwa akinisema?

— Kila siku ya Mungu. Akinichana nywele, anakusema.

— Akisema nini?

— Kaa kwanza. Hayo hasimuliwi mtu akiwa wima.

Akakaa. Nje Kaniki alikwisha kulala, ule usingizi mzito wa gunia ambao Zabron hakuuona tangu msiba. Adhana ya adhuhuri ikasikika kwa mbali. Huko Ngamiani mtu wa Muheza lazima alikuwa akigonga mlango, na mnyororo mkononi. Zabron hakuinuka.

— Alisema, akaanza Bi Semeni, kwamba ukilala unakoroma kwa Kishambaa.

Kicheko kikamtoka Zabron kabla hajakizuia, na machozi humo humo. Mbwa akainua sikio moja, akaona ni watu wake, akalishusha.

— Endelea, bi, akasema Zabron.