Mbono Nilioukata Makaburini

Bwana asifiwe! Wale mnaoitikia huku mnanikagua kwa jicho la pembeni, nawaona. Bwana asifiwe tena!

Ndugu zangu wa Korogwe, mimi ni Mama Elia, mjane kutoka Kang'ata, Handeni. Nimezaliwa na moyo wa kushuku. Hata mchungaji akiniombea, jicho moja huwa liko wazi. Jirani yangu Mzee Rajabu, mtu wa swala tano, nilimshuku miaka yote kwamba analitolea macho shamba langu.

Basi akaja mgeni wa kampuni ya mafuta. Akasema mbegu za mbono zinakamuliwa, na mafuta yake yanaendesha magari. Sisi mbono tunaujua kwa kazi mbili, mipaka na makaburi. Ukizika mtu, unapanda mmoja kichwani na mmoja miguuni. Yule mgeni nilimshuku, jamani! Katembea kijiji kizima na viatu havina vumbi. Lakini aliposema atakayeleta vipando vingi vya mbono ndiye atakuwa msimamizi wa shamba la kampuni, tamaa ikanishika. Nikachukua panga, nikakata mibono yote ya mpakani mwa shamba langu. Vipando havikutosha. Nikaenda kwenye kaburi la mume wangu, mle mle shambani, nikaikata na ile miwili mpaka chini. Ee Mungu, nisamehe!

Siku ya kupima ardhi, mgeni akawaambia wajumbe wa kijiji kwamba shamba langu ni pori, halina mwenyewe. Nikapiga kelele, "Mume wangu amelala hapa!"

Akauliza, "Wapi?"

Ndugu zangu, sikuwa na cha kumwonyesha! Nyasi tupu. Alama nilikuwa nimeikata kwa mkono wangu. Wajumbe wakasema watarudi baada ya wiki tatu kuamua.

Nikafunga, nikalia mpaka sauti ikakauka. Nyumba ile na shamba lile ndivyo pekee nilivyoachiwa. Na Bwana akaleta mvua.

Wajumbe waliporudi, nikamwona Mzee Rajabu anakuja na fyekeo. Nikajua amekuja kunimaliza. Kumbe! Akafyeka nyasi, na chini yake visiki vyote vilikuwa vimechipua.

"Wajumbe, mbono haujipandi kwa mstari," akasema. "Huu ni mpaka wa huyu mama. Na hii miwili, hapa ndipo nilipomzika Baba Elia. Kaburi nililichimba mimi."

Mgeni akafunga faili lake, akaondoka bila kuaga. Mimi nikapiga magoti, nikamwomba radhi yule mzee niliyemwonea miaka yote. Haleluya!

Ndugu yangu, ulichokikata kwa upumbavu wako, Mungu anaweza kukichipusha. Mtumaini! Asiyeamini aje Kang'ata aone mibono ya mume wangu, sasa imenifika kiunoni. Ila abishe hodi kwanza, aseme katumwa na nani.