Ujumbe wa Kwanza Ulitosha

Jeneza limeshatoka mlangoni, wasikilizaji wapendwa, majirani wanapokezana mabegani. Nyuma kabisa anajikongoja dereva wa lori mstaafu. Wanafunzi wake humwita Breki. Ndivyo ilivyokuwa wiki mbili zilizopita, na mwanafunzi aliyekuwa akisindikizwa ndiye tunayemkumbuka leo.

Alikuwa dobi. Miaka thelathini na miwili alifua na kupiga pasi nguo za watu. Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa ng'ambo, na mjukuu mmoja, aliyezaliwa hukohuko. Mjukuu hajui ila Kiingereza. Bibi hakukijua. Kwenye simu za video walipungiana mikono tu. Miaka sita, wasikilizaji, mkono kwa mkono.

"Akishakata simu anaigeukia pasi," anasema dada yake. "Anapiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo."

Basi akajiunga na kundi la WhatsApp ambamo Breki hufundisha Kiingereza. Breki hakukipata Kiingereza darasani. Alikiokota kwenye maghala, akingoja mizigo. Kundini mwake wamo watu wazima watupu: mwashi, mlinzi, wauza duka. Kila asubuhi kila mmoja hutuma sauti yake, aseme kwa Kiingereza mikono yake inafanya nini. Na mwiko ulikuwa mmoja: humtumii mtu wa nje ujumbe mpaka Breki aseme "pita".

Dobi akaanza na shati. Anakunja shati. Anapiga pasi shati.

"Shangazi, shati tena?" mwashi akamtania. "Hao wateja wako hawana suruali?"

"Suruali ni darasa la pili, mwanangu. Wewe mwenyewe tangu mwezi juzi uko kwenye tofali lilelile."

Kisha akarekodi salamu za mjukuu. Breki akasikiliza, akasema rudia. Akarudia. Rudia tena.

"Mwalimu, si ataelewa tu?"

"Dada, shati lenye makunyanzi unamrudishia mwenyewe?"

"Hapana."

"Haya."

Alirudia mara arobaini na moja. Jumapili moja asubuhi moyo ulisimama, pasi ikiwa bado ya moto. Hakuna hata ujumbe mmoja uliokuwa umemfikia mjukuu.

Baada ya mazishi Breki aliketi kwenye kigoda cha dobi, akazisikiliza rekodi zote, ya kwanza hadi ya mwisho.

"Ya kwanza ilitosha," akamwambia dada wa dobi. "Nilimzuia bure."

Dada hakumpoza. "Zitume zote," akasema. "Na zenye makosa. Mtoto amsikie alivyohangaika."

Akazituma.

Kwa binti, mjukuu na dada wa marehemu, tunawapa pole kutoka moyoni. Na wewe unayetusikiliza, kama una neno la mtu wako, usingoje linyooke. Mpelekee na makunyanzi yake.

Pasi anayo dada, haitumii. Mwashi amehama tofali, sasa yuko kwenye ngazi. Mwiko wa kundi umefutwa: unamtumia mtu wako kwanza, Breki baadaye. Breki bado anafundisha, ila neno "rudia" halitamki.

Mjukuu anamjibu bibi yake, ujumbe mmoja kila siku, kwa mpangilio. Anajua kwamba bibi amefariki. Jana alijibu wa tisa.